Dawa ya Mtoto Isitolewe kwa Kukisia

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mama anayekwenda kupalilia mahindi, kuuza bidhaa sokoni Sirari au kutafuta kibarua Mugumu humwacha mwanawe katika kituo cha kulelea watoto mchana. Mtoto akiwa mgonjwa, hutokea mama akamwachia mlezi chupa ya dawa na neno moja tu: mpe mchana. Neno hilo halitoshi.

Vituo hivi si jambo geni nchini. UWT ilivihimiza katika miaka ya 1970, na tangu Desemba 2021, ilipozinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, umuhimu wake umesisitizwa upya. Hilo ni jema. Lakini kituo kinachompokea mtoto humpokea pamoja na maradhi yake, na Mara ni mkoa wenye malaria.

Tutazame dawa mseto ya malaria. Mtoto mwenye uzito wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa kila dozi, dozi sita kwa siku tatu. Dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa 8. Aliyemeza ya kwanza nyumbani saa 12 asubuhi, ya pili itamkuta kituoni saa 8 mchana. Mlezi asipojua, tiba huharibika.

Parasetamoli nayo, ingawa imezoeleka, haina mzaha. Baina ya dozi na dozi hazina budi kupita walau saa 4, wala isizidi mara 4 kwa siku moja. Mama akiitoa alfajiri bila kusema, na mlezi akaitoa tena baada ya muda mfupi, ini la mtoto liko hatarini. Zaidi ya hayo, ziko chupa zenye miligramu 120 katika mililita 5, na ziko zenye miligramu 250. Kijiko cha jikoni hakiwezi kuwa kipimo.

Kwa hiyo tunashauri kila kituo kiwe na daftari la dawa. Mzazi aandike, au aandikiwe iwapo hajui kuandika, jina la mtoto, jina la dawa, kiasi, na saa aliyompa mara ya mwisho. Dawa ipokelewe katika chupa au pakiti yake yenyewe, pamoja na kipimo chake, ifungiwe kabatini, na mlezi mmoja aitoe huku mwingine akishuhudia. Dawa aliyoandikiwa mtoto mmoja asipewe mwingine, hata wakiwa ndugu.

Kwa viongozi wetu tuna neno. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo kiwe na leseni. Basi Maofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, wanapokagua vyoo na madirisha, waulize pia: daftari la dawa liko wapi? Waganga wa zahanati nao wawafundishe walezi, japo kwa siku moja, kusoma lebo na kupima dawa. Gharama yake ni daftari, kufuli na siku hiyo moja.

Ndugu zetu wa Rukuba, Ukara na Ukerewe wasidhani kwamba haya ni ya bara peke yake. Mtoto aliyezidishiwa dawa Tarime mjini hukimbizwa hospitali kwa barabara; wa kisiwani huenda akangojea mtumbwi na utulivu wa ziwa. Palipo mbali na mganga ndipo kosa dogo linapokuwa kubwa, na ndipo daftari linapohitajika zaidi.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilionyesha kwamba wananchi wakielezwa jambo la afya kwa lugha yao, hulitekeleza. Walezi wetu hawakosi upendo kwa watoto. Wanachokosa ni maelekezo, na kuyatoa ni wajibu wa mzazi na wa Serikali.