Mto Ruvuma na Watu wa Ng'ambo Mbili

Wako watu wanaodhani kwamba mito iliumbwa ili kutenga mataifa. Mimi sikubaliani nao, na shahidi wangu ni Ruvuma, mto wa mpakani kati ya Tanzania na Msumbiji.

Ruvuma huanzia kwenye milima ya Matogoro karibu na Songea, ukasafiri kadiri ya kilomita 800 hadi Bahari ya Hindi, kusini ya Mtwara. Njiani huungana na Lugenda, mto mkubwa utokao Msumbiji. Basi hata maji yake ni ya nchi mbili. Wamakonde nao wako ng'ambo zote mbili, Newala na Mueda. Wakati wa kiangazi mchanga hujitokeza, na mahali pengine watu huvuka kwa miguu.

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walipatana Ruvuma uwe mpaka wao. Wenyeji hawakuulizwa. Wala wakubwa hao hawakuuheshimu mpaka wao wenyewe: mwaka 1894 Wajerumani walitwaa Kionga, kusini ya mto, na Wareno wakaiteka mwaka 1916. Baada ya vita vya uhuru kuanza mwaka 1964, wapiganaji wa FRELIMO waliuvuka mto huo wakitokea Tanzania, hata Msumbiji ikajitawala mwaka 1975. Mwaka 2010 likafunguliwa Daraja la Umoja.

Habari hizi zatuhusu sisi Wakenya. Enzi za ukoloni Wamakonde walitoka Msumbiji wakaja Pwani kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakazika wazee wao hapa. Hata hivyo, miaka mingi waliishi bila vitambulisho, na asiye na kitambulisho hapati kazi ya kuajiriwa wala haki ya kupiga kura. Mwaka 2016 walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao, ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Pwani walingoja hadi mwaka 2023.

Kwa maoni yangu, huko ni kuchelewa kusikostahili. Mjukuu aliyezaliwa Kwale hana hatia kwamba babu yake alizaliwa karibu na Ruvuma. Mpaka uliochorwa na wageni usitufanye tumwite jirani yetu mgeni. Na wale ambao bado wanangoja vitambulisho, wapewe bila ya kulazimika kuandamana kwanza.