DAMU YA DEREVA NA AMRI YA HAKIMU

Ndugu Waislamu, tunapotaja ulevi misikitini kwetu, maneno huishia kwenye uharamu wake, kisha kila mtu huenda zake. Lakini mlevi anapokamata usukani kati ya Kayanga na Kyaka, au anapopakia abiria kwenye pikipiki kuelekea Murongo hali amejaa rubisi, jambo hilo linatugusa hata sisi tusioinusa. Je, polisi wamtoe damu kwa nguvu?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ilimpa hakimu uwezo, polisi wakiomba, wa kuamuru sampuli ichukuliwe kwa mtuhumiwa aliye kizuizini. Naona mlango huo wa hakimu ni wa haki, wala usivunjwe. Marekani nako, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kuwa kupungua kwa kileo mwilini, peke yake, si dharura ya kuiruka amri ya hakimu. Mwaka 2016 ikapambanua: aliyekamatwa hupimwa pumzi bila amri, ama damu ni jambo jingine.

Atasema msemaji: mlevi ana heshima gani? Mafakihi hawakuliendea jambo hivyo. Imam Malik aliikubali harufu ya pombe kuwa ushahidi. Imam Shafi na Abu Hanifa wakaikataa, kwani huenda mtu alilazimishwa, au alikunywa asijue. Hawakumtetea mlevi, walimkinga asiye mlevi.

Tatizo ni saa. Mwili huondoa takriban miligramu 15 kila saa. Aliyegonga mtoto akiwa na 110, hakimu akatafutwa saa tatu nzima usiku, atapimwa 65 na kwenda zake akicheka. Na kijana wa bodaboda asiyekunywa, aliyesingiziwa na umati wenye hasira, damu yake ndiyo shahidi wake. Ikichelewa, watasema kileo kimekwisha yeyuka.

Basi hakimu asiondolewe, bali apatikane. Majimbo mengi ya Marekani huruhusu amri iombwe kwa simu, na simu Karagwe na Kyerwa zimejaa hadi mashambani mwa kahawa. Pawepo hakimu wa zamu usiku, na mganga mwenye vichupa vya kufungwa kwa lakiri. Maimamu wanaoitwa vikaoni na wakuu wa wilaya walitaje hili mapema, kabla ya jeneza jingine kuletwa msikitini.