Acheni Kuidharau Adapta

Kinanda cha maana hakina adapta. Kauli hii utaisikia kwa wapiga vinanda wa kwaya, kwa bendi za harusi, kwa wauzaji, hata kwa mafundi waliopaswa kujua zaidi. Chombo cha kazi, wanasema, huchomekwa moja kwa moja ukutani. Chenye kiboksi cheusi njiani ni cha watoto kujifunzia. Naipinga kauli hii kwa sababu inawatia watu hasara.

Chanzo chake ni rahisi kukiona. Yamaha DX7 ya 1983 na Korg M1 ya 1988, vinanda vilivyotamba dunia nzima, vilikuwa na pawa saplai ndani. Vinanda vidogo vya bei nafuu vya zama hizo vilitumia betri na adapta. Watu wakaichukua alama ya bei wakaifanya alama ya ubora. Lakini Yamaha PSR-SX900 ya 2019, kinanda ambacho kwaya nyingi huchangishana muda mrefu kabla ya kukimudu, hutumia adapta ya volti 16.

Saketi za kinanda hazitumii volti 230 za ukutani. Zinataka volti chache za DC, kwa hiyo lazima pawe na kifaa cha kuushusha na kuubadili umeme. Kinachobaki ni kuamua kikae wapi. Kikikaa ndani, joto lake linabaki ndani, na joto ndilo linalomaliza kapasita: mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi joto 10 zinapoongezeka, maisha ya kapasita ya elektroliti hupungua kama nusu.

Hoja nzito zaidi kwangu ni ile dakika umeme unaporudi. Kwetu hukatika bila taarifa, na ukirudi mara nyingi huja na kishindo. Kinachopigwa kwanza ni pawa saplai. Kama ni adapta, mara nyingi huungua yenyewe ikakiokoa kinanda. Unanunua nyingine na Jumapili kwaya inaimba. Kama iko ndani, kinanda kizima kinabebwa kwa fundi, kinafunguliwa, bodi ya modeli ile haipatikani, na wiki zinapita huku mwalimu wa kwaya akipiga makofi kushika mapigo.

Vya mtumba kutoka Japani ndiyo balaa zaidi. Kule umeme ni volti 100. Transfoma ya ndani iliyosukwa kwa volti hizo ukiichomeka Dar es Salaam au Nairobi, haichukui muda kunuka moshi. Mwenye kinanda cha adapta anaiacha ile ya Kijapani, ananunua inayopokea volti 100 hadi 240 na kutoa volti na ampea zilizoandikwa mgongoni mwa chombo, anapiga. Na kijijini ambako nguzo hazijafika, kinanda cha DC ni rahisi zaidi kukiunganisha na sola kwa kifaa cha kurekebisha volti.

Wanaochukia adapta wana malalamiko ya kweli, na siwapuuzi. Plagi hulegea, waya hukatika shingoni, feki zimejaa madukani. Mbaya kuliko yote ni ncha: vinanda vingi vya zamani vya Casio vinataka volti 9 na hasi katikati, Yamaha nyingi volti 12 na chanya katikati, na adapta zinaweza kufanana machoni. Ukikosea unaweza kuua chombo kizima. Lakini hilo ni kosa la watengenezaji walioshindwa kukubaliana, na la muuzaji anayekupa chochote kinachoingia kwenye tundu. Ukienda kununua, acha kuuliza kama kina adapta. Dai soketi yenye kishikio cha waya, dai volti na ncha zilizochapwa zikasomeka, na usilipe kabla muuzaji hajakuonyesha adapta halisi ya akiba na bei yake.