Tuache Kukariri Orodha, Tutunge Sentensi



Najua wapo watakaoguna wakiona makala kuhusu Kiingereza ndani ya jarida la Chama cha Kiswahili. Watasema, "Huyu naye kapotea njia. Mambo ya Kimombo si ayapeleke kwa wenyewe?" La hasha, sijapotea. Ugonjwa ninaotaka kuuzungumzia hushika lugha zote, ila katika Kiingereza ndipo unapotuumiza zaidi, kwa kuwa ndiyo lugha tunayosomea bayolojia, jiografia, historia na masomo mengine karibu yote. Anayekosa neno la Kiingereza hapotezi alama za Kiingereza peke yake. Hupoteza na za mwalimu wa kemia.

Ugonjwa wenyewe unaitwa orodha. Ingia darasa lolote wakati wa maandalio ya jioni ujionee. Kila mtu ana kijidaftari chake. Ukurasa umegawanywa kwa mstari katikati, kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake, na mara nyingi maana yenyewe ni neno moja tu. Macho yanatazama dari, midomo inachezacheza. Huko ndiko kukremu, kama tusemavyo bwenini. Jumamosi huja jaribio fupi, mtu akapata ishirini kwa ishirini, akapigiwa makofi. Ikija insha Jumanne, katika yale maneno ishirini halionekani hata moja. Na likionekana, bwana, heri lisingeonekana!

Maoni yangu ni haya: neno halijawa lako mpaka uweze kulitungia sentensi ambayo neno jingine haliwezi kuketi mahali pake. Kabla ya hapo, neno hilo ni mgeni wako tu, na mgeni huondoka wakati wowote.

Tuanze na mfano mwepesi. Neno "notorious" katika orodha nyingi limeandikiwa "mashuhuri". Sasa mwanafunzi anayetaka kumsifu mwalimu mkuu siku ya wazazi aandike kwamba "our principal is notorious". Masikini, nia yake njema kabisa! Kumbe neno hilo ni la umashuhuri wa ubaya, kama ule wa mwizi sugu anayejulikana mtaa mzima. Orodha haikudanganya, ila ilisema nusu ya ukweli. Lau angelikuwa ameandika kando yake "The notorious thief was arrested again", asingelithubutu kumvika mwalimu mkuu kofia hiyo.

Mfano wa pili tunausikia kila siku varandani: "Borrow me your pen." Walimu wa Kiingereza hukunja uso, nasi hucheka. Lakini je, kosa hili limetoka wapi? Limetoka kwetu, katika Kiswahili chenyewe. Kuazima kwetu ni kutoa na ni kuchukua pia. Nasema, "Niazime kalamu yako," na jioni nasema, "Niliazima kalamu kwa Otieno." Wapo wanaotenga kuazima na kuazimisha, lakini wengi wetu tunatumia neno moja tu na tunaelewana. Kiingereza kina maneno mawili. Mwenye orodha ataandika "borrow, kuazima" na chini yake "lend, kuazima", kisha afunge daftari akidhani amemaliza kazi. Mwenye sentensi ataandika "I borrowed a pen from Otieno" na "Otieno lent me his pen". Hapo hahitaji kanuni ndefu. Lile neno "from" litamfuata "borrow" kama kifaranga na mamaye.

Lakini hayo ni ya kuchekesha. Lipo lisilochekesha, nalo liko katika karatasi za mitihani. Katika orodha zetu, "describe" ni kueleza na "explain" pia ni kueleza. Basi mwanafunzi aliyesoma usiku kucha anaulizwa, "Explain why the walls of the left ventricle are thicker." Anauchora moyo, anaupamba kwa rangi, anataja kila mshipa na mahali ulipo. Amesema moyo ulivyo, hakusema kwa nini. Hakuna mahali alipoandika kwamba upande wa kushoto husukuma damu mwili mzima na ule wa kulia huipeleka mapafuni tu, hata kama alilijua hilo fika. Au anaulizwa katika jiografia, "Account for the high population in the area." Katika kijidaftari chake "account" ni hesabu ya pesa benki. Anakodoa macho. Kumbe anaombwa sababu tu! Hapo alama zimekwenda, si kwa kutojua jiografia, bali kwa kulijua neno nje ya sentensi yake. Jamani, kuna uchungu unaopita huo, kukosa jibu ulilo nalo?

Wapo watakaosema haya ni maoni ya mwanafunzi asiyependa kukariri. Basi tuwaangalie mafundi wenyewe. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake ya Kiingereza mwaka wa 1755, ilikuwa na maneno zaidi ya 40,000, naye hakuridhika kueleza maana tu. Alitia na zaidi ya dondoo 100,000 kutoka kwa waandishi ili msomaji aone neno likiwa kazini. Michael West, aliyefundisha Kiingereza huko Bengal, aliona wanafunzi wanatatizwa na kamusi zinazoeleza neno gumu kwa neno gumu zaidi. Huko ni sawa na kumwuliza njia mtu naye mgeni. Katika kamusi aliyoitoa mwaka wa 1935 alijifunga kueleza maneno yote kwa maneno mepesi 1,490 tu. A. S. Hornby naye alikuwa akifundisha Kiingereza Japani. Yeye na wenzake wawili walitunga kamusi ya wanafunzi wa kigeni iliyotoka Tokyo mwaka wa 1942, na Oxford wakaichapa upya mwaka wa 1948. Kitukuu cha kamusi hiyo ndicho kile kitabu kinene tunachong'ang'ania maktabani. Mwaka wa 1987 kundi la John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham likatoa kamusi ya COBUILD, ambayo hata maana yenyewe imeandikwa kwa sentensi kamili.

Watu hao walitumia umri wao kwa kazi hii, na wote waliona kwamba mwanafunzi anahitaji mambo mawili: maana kwa maneno mepesi, na mfano. Sisi tunafungua kamusi hiyohiyo, tunanakili neno moja la maana, na ule mfano waliouhangaikia tunauruka kana kwamba ni tangazo la biashara!

Hata hivyo, si kila sentensi inafaa. Hapa pia tunajidanganya. Mwalimu akisema, "Tungeni sentensi kwa neno 'frugal'," darasa zima litaandika "My uncle is frugal." Eti imekwisha. Hebu toa "frugal" utie "tall". Sentensi inasimama. Tia "sick", bado inasimama. Sentensi inayokubali neno lolote haijakufundisha neno lolote. Sasa andika hivi: "My uncle is so frugal that he has mended the same pair of shoes for six years." Jaribu kutia "tall" hapo uone kama haikutemi. Huyo mjomba tunamwona kabisa na viatu vyake vyenye viraka, na neno halitakutoka tena. Tofauti ya "frugal" na "mean" pia itakujia: wa kwanza huchunga senti zake, wa pili huwanyima wengine.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni muda. Maneno ishirini kwa juma yataandikiwaje sentensi zote hizo, na bado kuna hesabu na kufua nguo? Jibu langu ni kwamba tupunguze. Maneno matano kwa juma, tukihesabu majuma 30 tu ya masomo, ni maneno 150 kwa mwaka, na 600 kwa miaka minne. Yanaonekana machache, lakini bandu bandu huisha gogo. Afadhali 600 yaliyo yako kuliko 2,000 ya kukumbukwa Jumamosi na kusahauliwa Jumapili.

Pingamizi ya pili ni mtihani. Wengine husema orodha ndiyo inayopitisha watu KCSE. Tazameni vizuri karatasi hizo. Katika ufahamu, wa Kiingereza na wa Kiswahili, tunaulizwa maana ya neno jinsi lilivyotumika katika kifungu. Yale maswali ya kujaza mapengo nayo hutaka neno linalolingana na jirani zake. Mtahini hatupi orodha, hutupa sentensi.

Pingamizi ya tatu ni nzito zaidi: kamusi ni ghali, na wengi wetu hatuna. Hili ni kweli, na si la kumcheka mtu. Ndiyo maana napendekeza kila darasa liwe na daftari moja kubwa, likae juu ya meza ya mbele. Kila juma wanafunzi watano wapewe neno moja kila mmoja walitafute katika kamusi ya maktaba. Waandike maana kwa maneno mepesi, kisha sentensi waliyoikuta katika kitabu, kisha sentensi yao wenyewe inayohusu shule yetu, soko letu au shamba la kwao. Darasa liijaribu kwa kutoa neno na kutia jingine. Ikikubali, irudishwe itungwe upya. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na maneno ni mali.

Na sisi wa Chama cha Kiswahili tuwe wa kwanza kuonyesha njia. Lugha yetu inatufundisha jambo hilihili. Chukua neno "kata". Tunakata kamba, tunakata kiu, tunakata tamaa, tunakata shauri, tunakata rufani. Tena kuna kata anayosimamia chifu au mwakilishi wadi kutegemea anayezungumza, na kata ya kuchotea maji mtungini. Nani kati yetu aliyapata hayo kwa orodha? Hakuna mama aliyempa mtoto wake kijidaftari chenye mstari katikati. Alimwambia, "Kunywa maji ukate kiu," na mtoto akanywa, akajua.

Nikitia kikomo, nawaomba walimu wetu wa Kiingereza jambo moja tu. Jaribio la Jumamosi liendelee, lakini badala ya kuuliza maana ya maneno ishirini, lituulize sentensi tano. Nanyi wenzangu, leo usiku kabla ya kengele ya kulala, chagueni neno moja katika orodha zenu na mlitungie sentensi isiyokubali jingine. Mkishindwa, msione haya. Mtakuwa mmegundua tu kwamba lilikuwa bado halijawa lenu.