Kusafiri Si Kujifunza

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa lugha humshika mtu kama vumbi la njiani: yatosha apite katika nchi yake, akae mwaka mmoja, na atarudi kwao akiijua. Dhana hii imewadanganya vijana wengi. Nawe, msomaji, kwa kuwa huenda kesho ukapata nafasi ya kusoma ng'ambo, yafaa tuipinge leo waziwazi.

Tutwae mfano wa Kijapani. Kila mwaka vijana wa mataifa mengi, Wakenya wakiwamo, huenda Japani kusoma. Wale wapatao ufadhili wa serikali ya nchi hiyo kwa shahada ya kwanza hutangulizwa mwaka mmoja wa kufundishwa lugha kabla ya kuingia masomo yao ya chuo. Lugha yenyewe imejaa barabarani, sokoni, katika garimoshi na magazetini. Je, mtu aweza kukaa katikati ya mto akafa kwa kiu? Aweza. Darasa likiisha, mwanafunzi hurudi bwenini akaketi na wageni wenziwe, wakazungumza Kiingereza mpaka usiku wa manane. Dukani huonyesha kitu kwa kidole, akalipa, akatoka. Simu yake humletea habari na nyimbo za kwao. Mwaka ukitimia, miguu yake imekaa Tokyo, lakini ulimi wake haujavuka bahari.

Hapana shaka Kijapani ni lugha ngumu. Chuo cha serikali ya Marekani kifundishacho mabalozi wake lugha hukadiria ya kuwa msemaji wa Kiingereza huhitaji saa 2,200 za darasani ili akimudu, ilhali Kiswahili humtosha saa 900 hivi. Kina maandishi ya silabi ya namna mbili, kila moja ikiwa na herufi 46 za msingi; tena kuna alama zilizotoka China, ambazo orodha rasmi ya mwaka 2010 huzihesabu 2,136 kwa matumizi ya kawaida. Mtoto wa Kiswahili ana nafuu moja: irabu zao ni tano kama zetu, na maneno mengi huishia kwa irabu. Hata yako yanayofanana na yetu kwa sauti, ingawa kwa maana yako mbalimbali: kwao mimi ni sikio, na kuni ni nchi.

Lakini ugumu huo ndio unaotutaka tuzame, wala si udhuru wa kukaa ufukweni. Tazama neno la kula. Mjapani husema taberu kwa kula kwa kawaida; akimtaja mtu wa kuheshimiwa husema meshiagaru; akijishusha mwenyewe husema itadaku. Kitabu kitakupa maneno hayo matatu kwa dakika moja. Lakini nani atakufundisha wakati wa kila moja, isipokuwa watu wenyewe mezani pao? Mwanafunzi aliyekaa na familia ya Kijapani husikia kila jioni mwenye kuingia nyumbani akisema tadaima, na waliomo wakimwitikia okaeri. Baada ya siku chache naye husema, akaitikiwa. Hakukariri, ameishi na neno mpaka likawa lake. Hakuna ajifunzaye kuogelea juu ya jamvi.

Wako wasemao, "Kiingereza chatosha, na siku hizi mashine hutafsiri kila kitu." Mashine ni chombo chema, lakini hubeba maneno, haibebi urafiki. Mwaka 2005 Profesa Wangari Maathai alipozuru Japani alikutana na neno mottainai, lenye majuto juu ya kitu kizuri kinachopotezwa bure. Alilipenda, akalitangaza ulimwenguni katika kazi yake ya kulinda mazingira. Hakuridhika na tafsiri. Alilichukua neno lenyewe, kwa sababu tafsiri ingaliacha nusu ya moyo wake nyuma.

Wako tena wenye hoja nzito zaidi. Katika chuo cha Middlebury huko Marekani, ambako Kijapani kimefundishwa wakati wa kiangazi tangu mwaka 1970, wanafunzi hutia sahihi ahadi ya kutosema lugha nyingine ila ile wanayojifunza mpaka masomo yaishe. Wapinzani husema, "Huu ni ule ule utumwa wa kibao cha aibu, alichovishwa mtoto wa Kenya shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake. Mwacha asili ni mtumwa." Adhabu hiyo ilikuwa uovu, na Ngũgĩ wa Thiong'o aliishutumu kwa haki katika kitabu chake cha mwaka 1986. Lakini vitu hivi viwili havifanani. Kibao kilivishwa mtoto kwa nguvu, kikamfundisha kudharau kwao. Ahadi hutolewa na mtu mzima kwa hiari yake, kwa muda maalumu, naye huirudia lugha yake akiwa na nyingine mkononi. Kumvua mtu nguo si sawa na mtu kuvua viatu mlangoni mwa mwenyeji wake.

Adui mkubwa kuliko hoja hizo ni aibu. Kijana mwenye akili huona uchungu kusema kama mtoto wa miaka mitatu, na kuchekwa. Basi hukimbilia lugha anayoonekana hodari ndani yake. Huo ni woga uliojivika kiburi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wala usidhani maneno haya yawahusu wasafiri peke yao. Katika Chuo Kikuu cha Osaka wako vijana wa Kijapani wanaosoma Kiswahili kuwa somo lao kuu. Mmoja wao akija kwetu, akakusanya ujasiri wake, akatuamkia kwa Kiswahili, mara nyingi sisi humjibu kwa Kiingereza, tukidhani tunamfanyia hisani au tunaonyesha elimu. Kumbe tumemfungia mlango aliosafiri mbali kuubisha, tena tumeidharau nyumba yetu wenyewe.

Basi, msomaji, usingoje ndege. Mgeni akikuamkia kwa Kiswahili, mwitikie kwa Kiswahili, umsubiri atafute neno lake. Na katika kila lugha unayofundishwa, sema, ukosee, usahihishwe, useme tena. Asiyethubutu kufanya hivyo Nairobi hatathubutu Tokyo. Atabadili nchi tu, na ujinga wake atasafiri nao.