Tunampigia Nani Makofi?

Kila mwaka mitihani ya kidato cha nne inapokaribia, sisi wachungaji tunaalikwa kwenye mahafali ya shule zetu za sekondari. Tunavaa kola, tunaketi meza kuu, tunasikiliza risala, tunawaombea wahitimu, kisha zawadi zinaanza kutolewa. Wa kwanza katika Hisabati. Wa kwanza katika Biolojia. Wa kwanza kwa masomo yote. Mwisho kabisa, vigelegele vikiwa vimepungua na harufu ya pilau imeshafika uwanjani, hutolewa zawadi ya nidhamu, na mara nyingi huipata mtoto ambaye katika miaka minne hakumsumbua mwalimu kwa swali hata moja.

Siku hiyo Kanisa linahubiri, hata kama hakuna aliyefungua Biblia. Wazazi na watoto wanaona ni nani anayeitwa mbele na ni nani anayebaki kwenye benchi. Na sisi tunasema wazi kwamba mahubiri hayo ni potofu.

Tuseme pia tunayoyajua kwa macho yetu. Katika shule moja ya Kanisa, ambayo hatutaitaja kwa kuwa aibu ni yetu sote, maji machafu ya mabweni yalikuwa yakitiririka hadi kwenye kijito ambako kina mama wa kijiji walichota maji. Wanafunzi wachache wa kidato cha tatu walikwenda kuwasikiliza kina mama hao. Walirudi, wakaandika barua ya heshima kwa bodi ya shule, wakaeleza hali ilivyo, wakaomba mtaro ujengwe, na wakaahidi kuchimba wao wenyewe siku za Jumamosi. Barua ilipofika mezani, neno la kwanza lililotamkwa lilikuwa "wachochezi". Wachungaji tulikuwemo katika kikao hicho. Tulinyamaza. Baadaye mtaro ulijengwa. Siku ya mahafali tulimshukuru mfadhili wa saruji, tukampa kitenge na cheti. Walioandika barua walikuwa wameketi nyuma, na hakuna aliyetaja kazi yao.

Tukilieleza jambo hili, ndugu zetu hutujibu kwa Mathayo sura ya 6. Husema Bwana alikataza kupiga panda mtu anapotoa sadaka, hivyo tukimtuza kijana kwa kuhudumia jamii tutamharibia thawabu yake. Wengine, wakijiona Walutheri kuliko Luther, huongeza kwamba kutuza matendo mema ni kurudisha kwa mlango wa nyuma ile haki ipatikanayo kwa matendo ambayo baba zetu wa imani waliipinga.

Tunawauliza: mbona hofu hiyo haiwapati tunapomtuza aliyepata alama 98 za Fizikia? Je, kiburi huota kwenye huduma tu, hakioti kwenye alama? Kama kuna mahali ambapo shule zetu zimejenga dini ya matendo, ni hapo hapo, ambapo mtoto wa daraja la kwanza huhesabiwa amebarikiwa na wa daraja la nne huonekana kama aliyesahauliwa na Mungu. Ndugu hawa hawaogopi tuzo. Wanaogopa aina ya mtoto atakayeipokea.

Tena Bwana alimkemea anayejipigia panda mwenyewe. Hakulikataza kusanyiko kushukuru. Mtume Paulo, mhubiri mkuu wa neema, alifunga Waraka kwa Warumi kwa kutaja watu kwa majina, akianza na Fibi wa Kenkrea, na akaeleza waziwazi jinsi mama huyo alivyowasaidia wengi. Je, Paulo aliiacha Injili alipofika sura ya 16? Naye Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba aliyehesabiwa haki kwa imani hana haja ya kujinunulia mbingu kwa matendo, na kwa sababu hiyo matendo yake yote yako huru kumtumikia jirani. Basi jirani akitumikiwa, kuna dhambi gani jirani huyo akisema asante?

Hata taifa letu liliwahi kuliona jambo hili. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka mtihani upunguziwe ukubwa, na mwanafunzi apimwe pia kwa kazi aliyoifanya kwa ajili ya shule na jamii. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule bora na wanafunzi bora. Serikali imeacha kupanga kumi bora, lakini shule za Kanisa bado zinabandika mabango yao barabarani! Na vijana tunaowazungumzia wamebakiza mwaka mmoja au miwili kufikisha miaka 18, umri wa kupiga kura. Je, tutawapeleka kituoni wakiwa wamejifunza jambo moja tu kutoka kwetu, kwamba anayenyamaza ndiye anayepewa zawadi?

Hata hivyo hatutaki tuzo mpya iliyooza kama zile za zamani. Isiwe picha ya wanafunzi wakimkabidhi bibi kizee mche wa sabuni mbele ya kamera. Isipimwe kwa fedha zilizochangwa, maana hapo tutakuwa tunawatuza wazazi wenye uwezo. Jina lisitoke kwa mkuu wa shule peke yake. Waulizwe kina mama wa kijijini, mwenyekiti wa kitongoji, mpishi na mlinzi wa shule, kwa sababu jirani ndiye ajuaye nani amemtumikia. Kazi iliyofanywa na kundi itambuliwe kwa kundi zima. Zawadi yenyewe iendeleze kazi: majembe, miche ya miti, vitabu, na barua iliyoandikwa kwa uangalifu ambayo kijana atakwenda nayo mbele ya maisha. Na zaidi ya yote, asiondolewe kwenye orodha aliyehudumia jamii kwa kuuliza swali gumu, hata kama swali lenyewe lilituhusu sisi.

Nabii Yeremia aliwaagiza watu wa uhamishoni wautafute ustawi wa mji walimokaa na kuuombea. Vijana wale wa barua waliutafuta. Sisi tuliishia kuomba, tena kwa kipaza sauti, tukiwa tumevaa kola.

Mahafali mengine yanakuja. Kadi za mwaliko zitaletwa ofisini kwetu, na meza kuu itatandikwa kitambaa cheupe kama kawaida. Kabla ya kukubali kuketi hapo, kila mchungaji na amwulize mkuu wa shule swali moja: "Ni nani hapa amewatumikia majirani, na jina lake liko wapi katika ratiba?" Jina lisipokuwepo, tusikae kimya mara ya pili.