Ukongwe wa chuo si elimu

Wanaomshauri kijana wa Afrika Mashariki aende Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kwa sababu tu chuo hicho kilianzishwa mwaka 1477, kikiwa kikongwe kuliko vyote Skandinavia, wanapima umri, hawapimi elimu. Mkemia Svante Arrhenius aliwasilisha tasnifu yake huko mwaka 1884 akapewa alama duni. Chuo kichanga cha Stockholm, kilichoanza 1878, ndicho kilichompa kazi mwaka 1891, na mwaka 1903 akatunukiwa Nobel ya kemia. Chuo hicho hicho kilimfanya Sofia Kovalevskaya profesa wa hisabati, wakati karibu vyuo vyote vya Ulaya vilikuwa havikubali mwanamke afundishe.

Wapo watakaosema mwajiri wa Nairobi au Dar es Salaam husoma jina kwanza, na kwamba vyumba vya wanafunzi Stockholm ni vya kugombania. Hoja ya vyumba ni nzito, naikubali. Ila Uppsala na Stockholm zimeachana kilomita 70 hivi, treni haifikishi saa moja, kwa hiyo anayelala Uppsala hajanyimwa jiji. Tena elimu hii si ya bure: tangu 2011 wengi wanaotoka nje ya Ulaya hulipa ada Sweden. Wazazi, kabla ya kulipa, ulizeni nani anafundisha kozi anayoitaka mtoto.